Siku Nilipogawa Umeme wa Kompyuta

Kioo cha kompyuta kilizimika ghafla, kikawa cheusi kama kitako cha sufuria, na msichana aliyekaa mbele yake akapiga yowe. Mimi nimezaa watoto tisa, wawili kati yao mapacha, na yowe kama lile sijawahi kulipiga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, vidole bado viko kwenye waya wa simu ya mtu. Nikakaa chini, sakafuni, bila kutafuta kiti.

Ngoja nianze vizuri. Binti yangu wa mwisho ana steshenari hapa Kasulu. Mimi kwetu ni Kibondo, upande wa Mabamba, nilikuja kumsaidia alipojifungua. Shule niliishia darasa la tatu, baba aliponitoa nikawafukuze ndege kwenye mtama, na ndege wenyewe walikula vilevile. Basi dukani kazi yangu ilikuwa kuhesabu karatasi za fotokopi na kupokea wageni.

Kompyuta yake ni ile ya mezani, ya zamani, sipiyu yake kubwa kama debe. Ilikuwa na matundu manne tu mazima ya kuchomekea vitu, yale ya USB. Kibodi inataka tundu, mausi inataka, printa inataka, skana inataka, modemu ya mtandao inataka, na kila mteja anakuja na flashi yake. Kutwa nzima binti yangu anachomoa hiki achomeke kile, mpaka mteja anachoka. Akanunua kidude cheupe mfano wa ekstensheni, wanakiita hab. Mkia wake unaingia kwenye tundu moja la kompyuta, na chenyewe kina matundu saba. Nilipokiona nilicheka peke yangu. Moja limezaa saba!

Siku hiyo alikuja mama mmoja kutoka Rungwe Mpya na binti yake. Binti alikuwa anaomba chuo cha uuguzi, na maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni ileile. Mwaka uliopita walichelewa. Yule mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, baba yake amesema mwaka huu ukipita na huyu bado yuko nyumbani, posa iliyokuja ataipokea."

Vyeti vikaskaniwa, vikaanza kupanda mtandaoni polepole. Saa nane ikapita. Habari ikaletwa kuwa mtoto analia nyumbani, na binti yangu akasimama.

"Mama, nakwenda kunyonyesha, nyumba ya tatu tu hapo. Usiguse kitu."

"Nitagusa nini mimi?"

Hakufika mbali wakaingia wanawake wanne wa sokoni, simu zimezima, kwao umeme umekatika tangu juzi. "Bibi, tuwekee chaji kidogo tu, shikamoo." Nikatazama hab. Ilikuwa na skana, modemu na flashi ya yule binti. Matundu manne yako wazi, na watu ni wanne. Mungu apange vizuri hivyo, mimi nikatae?

Sisi tulikua tukiombana moto. Jirani anakuja asubuhi na kigae, unampa kaa la moto, na moto wako unabaki palepale. Mtu aliyemnyima mwenzake moto alisemwa mpaka na wajukuu zake. Nikachomeka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne waya wake ulikuwa umechunika, umefungwa uzi mweusi. Nikausukuma kwa nguvu. Taa ya modemu ikafa, na kioo kikafa.

Kwa lile yowe wale wanawake walikwapua simu zao wakatoka. Ya nne waya uligoma kutoka, mwenyewe akachomoa simu akauacha waya umening'inia nyuma ya printa.

Binti yangu akarudi mbio, blauzi haijafungwa. Akaiwasha. Kikatokea kioo cheusi na maandishi meupe ya Kizungu, yana namba kumi na tano. Dakika hiyohiyo ikazima. Akawasha tena, yaleyale, ikazima. Akamgeukia yule msichana.

"Umebonyeza nini wewe?"

"Sijabonyeza, dada."

"Kompyuta imejizima yenyewe? Nimekuambia ukae tu!"

Mama yake naye akamdaka: "Mikono yako hiyo! Si nilikuambia uiweke mapajani?"

Yule msichana akaanza kulia. Na mimi, mtu mzima, mwenye mvi, mzee wa kanisa ninayeongoza sala mbele ya watu, nilinyamaza. Sisemi nilisahau. Nilinyamaza. Nilimtazama mtoto wa mwenzangu akibeba mzigo wangu na nikageuza uso kwenye rimu za karatasi. Mpaka leo nikikumbuka nashtuka mwenyewe, maana sikujua kama mtu huyo anakaa ndani yangu.

Akaitwa fundi wa duka la pili, kijana wa redio na kompyuta, mtu wa utani. Akasoma yale maandishi. "Inasema kuna kitu kwenye USB kinavuta umeme kupita kiasi, inajizima baada ya sekunde kumi na tano isiungue. Nadhani ni skana. Nipeni niibebe, kesho mchana mtaipata."

Kesho! Yule mama wa Rungwe Mpya akashika kichwa kwa mikono miwili. Saa ya ukutani inasema tisa na nusu.

"Si skana," nikasema. "Ni mimi. Niliwachajia watu simu. Waya mmoja uko huko nyuma ya printa."

Fundi akaingiza mkono, akautoa ule waya wa uzi mweusi, akauangalia. "Bibi yangu, umekuwa shirika la umeme? Matundu yameongezeka, umeme haujaongezeka. Yote saba yananyonya tundu moja, na huu waya umegusana ndani." Nilishangaa kweli. Kumbe kuna moto ukiugawa unakwisha. (Baadaye alimfungulia binti yangu ile sipiyu akampachikia kadi yenye matundu mengine, akamletea na hab inayochukua umeme wake yenyewe ukutani. Lakini hiyo ni baadaye.)

Wakaing'oa hab yote. Modemu na flashi zikachomekwa nyuma moja kwa moja, printa ikachomolewa kupisha nafasi, skana ikawekwa kando. Ikawaka. Vyeti vilikuwa vimebaki kwenye flashi, vikaanza kupanda upya, na sote tukasimama mbele ya mstari mdogo wa kijani. Dakika saba kabla ya saa kumi ikaandika kwamba wamepokea. Yule mama akapiga magoti palepale, akapiga makofi kama tunavyosalimia wakubwa sisi Waha, akanishukuru mimi. Mimi!

Binti yangu hakuniangalia. Yule msichana alifuta macho kwa kanga ya mama yake, akachukua karatasi yake, akaja karibu yangu.

"Bibi, nilipokuwa nagombezwa ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia, mjukuu wangu."

Akatikisa kichwa, akatoka.