Bastola Chini ya Buibui

Kabla hujaniambia kwamba nilipigwa na jua, ngoja kwanza nimalize. Nishaambiwa sana hayo. Nimeambiwa jua, nimeambiwa njaa, nimeambiwa majonzi ya ujane. Sikuota, sikuwa na homa, wala sikuhadithiwa na mtu. Yamenikuta mimi mwenyewe, Matrah, mchana kweupe, saa saba, na alama yake nnayo mkononi mpaka hivi leo. Anayetaka kuamini aamini. Asiyetaka asikilize tu, kwani atapungukiwa na nini?

Tuliingia Matrah, pwani hii ya Waarabu, mwaka ule wa sitini na nne, mimi, kaka yangu, na binti yangu Rayya aliyekuwa na miaka mitano. Mume wangu hakuwa nasi. Kule Unguja walikuja watu mlangoni kwetu, wakausukuma kwa mabega mpaka komeo likang'oka, wakamchukua, na sikumuona tena. Alikuwa nayo bastola, masikini, imefungiwa kabatini, na ufunguo hatukuuona kwa wakati. Sitasema zaidi, hayo yana siku yake. Nnachotaka ukijue ni huo mlango. Ile sauti ya komeo nilikuja nayo huku. Hata mtu akigonga kwa jirani, mimi nilikuwa nikimvuta Rayya nyuma yangu.

Baada ya miaka miwili kaka yangu akaenda Kuweti kutafuta kazi, kama walivyokwenda wanaume wengi siku zile. Akatuacha wawili, mimi na mtoto, katika nyumba ya udongo mwisho wa mji, njia ya kwendea Darsait. Siku ya kuondoka akanipa bastola yake, ndogo, nyeusi, na risasi zake ndani. Akanambia, "Dada, hii iwe nawe popote uendapo. Usije ukaifungia kabatini kama marehemu."

Nikaichukua. Ungekuwa wewe usingeichukua?

Sasa usidhani silaha ilikuwa kitu cha ajabu Matrah. Wanaume walikuwa wakipita sokoni na khanjari viunoni na bunduki begani, na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Lakini wao walibeba waziwazi, kila mtu anaona. Mwanamke, tena mjane, tena mgeni kutoka Unguja ambaye watu bado wanamuuliza ni wa kabila gani, abebe bastola kwa kificho chini ya buibui? Hiyo ingekuwa aibu isiyosemeka. Kwa hivyo khofu zikawa mbili. Naogopa watu wabaya, na naogopa watu wema wasije wakajua.

Mimi ni fundi wa kushona, ndiyo kazi iliyotulisha. Nikajishonea kifuko cha merikani nikakifunga kiunoni kwa utepe, upande wa kulia, ndani ya gauni. Cha kwanza kilikuwa kipana, bastola ikawa inacheza na kunigonga nyonga kila hatua. Cha pili kilibana, nikachubuka ngozi. Cha tatu ndicho kilichokaa. Lakini kukaa kwa kifuko si kukaa kwa moyo. Nikipita sokoni naona kila jicho liko kiunoni kwangu. Nikiinama kuchagua samaki nahisi imechomoza. Mkono wangu wa kulia haukutulia, kila saa unakwenda kuipapasa kama ipo. Nikakaa kwa upande, nikacheka kwa upande, na hata Rayya nilimfundisha kunikumbatia upande wa kushoto. Akaniuliza, "Mama, una nini huku?" Nikamwambia ni dawa ya kiuno. Akawa akija mbio kutoka chuoni alikosomea Kurani, akinikaribia anasita, anazunguka, ndipo ananikumbatia. Jambo hilo liliniuma, lakini nikasema atazowea. Sote tutazowea.

Basi siku hiyo nilikwenda kwa Bibi Shamsa kumpima gauni. Bibi Shamsa alikuwa mtu mzima wa Matrah aliyeolewa Unguja ujanani akarudi zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kiarabu mpaka huwezi kukitenga. Mwanamke mwema, lakini king'ang'anizi! Tulipomaliza kupima akasema, "Wallah hutoki. Utakula, utavua nguo zako, utajinyoosha na sisi mpaka alasiri, khalas."

Nivue nguo? Nikamwambia nna kazi nyumbani, mtoto, cherehani, nikataja kila kitu. Akanuna. "Basi angalau jifukize udi. Au huo nao utaukataa?"

Wewe unajua kwetu. Mgeni anaweza kukataa chakula akasamehewa, lakini kukataa udi ni kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake inanuka. Chetezo kikaletwa, makaa mekundu, udi unafuka. Nikasimama juu yake, miguu huku na huku, kama tunavyofanya, na Bibi Shamsa mwenyewe akalitandaza gauni langu ili moshi uingie vizuri. Na mimi kiunoni nna risasi sita! Niamini, niliusikia moto ukinipanda mapajani nikasema sasa hivi italipuka, tutakufa mimi na bibi wa watu kwa ajili ya udi. Mara mkono wake ukagonga kile kifuko.

"Kitu gani kigumu hichi?"

"Mkanda wa mgongo, Bibi. Nna maumivu."

Akanitazama usoni, akaliachia gauni. Nikavaa buibui langu nikaaga, nikatoka mbio mbio kwenye jua la saa saba.

Saa ile hakuna mtu njiani. Maduka yamefungwa, kila mtu kalala, hata mbuzi wamejificha. Wazee wetu walitukataza kutembea saa saba za mchana, saa ambayo si watu peke yao wanaotembea, na mimi nilikuwa nikilijua hilo vizuri sana. Lakini nilitaka kufika kwangu nijifungie. Nikapita njia ya bondeni, penye kisima cha zamani kilichokauka.

Juu ya ukingo wa kisima amekaa mwanamke.

Amekaa juani, miguu mitupu imening'inia, na mawe yale saa ile ukiyagusa unababuka. Kavaa buibui la kamba, lile la kizamani la Unguja, ambalo hata mama yangu alikuwa ameshaacha kulivaa. Mkono wake wa kulia uko ndani ya buibui, kiunoni. Nikasema, alhamdulillah, mtu wa kwetu. Nikamtolea salamu. Hakuijibu. Akaniita kwa jina la utoto wangu, jina ambalo Matrah nzima hakuna alijuaye, na kaka yangu yuko Kuweti.

"Ushaizowea?" akaniuliza.

"Kitu gani, bibi?"

"Hiyo ya kiunoni."

Nilitaka kusema nna mkanda wa mgongo, mkono ukawahi kuipapasa.

Akasema kwa upole, kama anayenifundisha kupika, "Bado, bado hujaizowea. Unaipapasa. Hiyo kheri. Mimi niliizowea upesi. Ikafika siku nikasahau kama nnayo, mkono ukawa unaijua peke yake bila ya mimi." Kisha akatoa mkono wake nje ya buibui. Ulikuwa ngumi. Ngumi iliyokunjwa mpaka viungo vimekuwa vyeupe, na kidole cha shahada kimekunjwa peke yake, kimebaki kwenye kitu ambacho hakipo. "Nifungue vidole, mwanangu. Vinanichosha."

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Hata mimi najiuliza. Pengine ni lile neno "mwanangu", nilikuwa sijaitwa hivyo tangu kumzika mama yangu. Nikakaa chini nikaushika ule mkono. Ulikuwa baridi, baridi ya maji ya mtungini, katika jua lile! Nikafungua cha mwisho, nikafungua cha pete, nikafungua cha kati, hata gumba likalegea. Kile cha shahada hakikwenda. Nikavuta kwa mikono miwili, wapi!

"Hicho hakifunguki," akasema. "Basi nipe chako."

Hapo nilikuwa nataka jambo moja tu, kuondoka. Nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa chuoni halifanyi. Nikamjibu kama unavyomjibu mtoto anayekung'ang'ania: "Haya, chukua, niache niende." Nilimwambia haya! Kiumbe usiyemjua, saa saba, kando ya kisima, unamwambia chukua?

Akanishika kidole changu cha shahada mara moja, akakiachia. Nilipoinua macho ukingo wa kisima ulikuwa mtupu. Nikauweka mkono pale alipokaa, nikababuka.

Nilifika nyumbani nikisoma kila nilichokijua. Nikakitazama kidole. Kizima, kinakunjika, kinashika sindano. Nikajiambia labda kweli ni jua. Sikumwambia mtu.

Na baada ya hapo, amini usiamini, nikaizowea. Upesi, kama alivyosema. Ndani ya miezi miwili siipapasi tena. Nalala nayo, napika nayo, nimekwenda nayo harusini nikacheza. Nikaanza kutembea wima kama watu. Nikajisifu kwamba khofu imeniisha, kumbe haikuisha, imejificha tu mahali nisipoiona.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha. Rayya yuko chuoni, na kawaida yake hurudi alasiri. Chumba kiza, madirisha yamefungwa kwa ajili ya joto, mlango nimeurudishia tu. Usingizi ukanichukua. Nikasikia mlango unasukumwa kwa bega, na komeo linapiga. Sauti ile ile.

Sikuamka, wallahi nakwambia. Ulioamka ni mkono. Nilipofumbua macho nimeshakaa kitako, bastola iko mbele yangu, na mlangoni pamesimama mtu, jua liko nyuma yake, simuoni uso, naona weusi tu unaniingilia ndani. Nikabonyeza.

Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Hakikukunjika. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimenyooka kando ya bastola, kigumu kama kijiti, na mimi nasukuma, nasukuma, nalia kwa hasira kwamba hakitaki. Nilitaka kuua, usinionee haya, sema hivyo hivyo. Nilitaka, na sikuweza.

"Mama? Mwalimu anaumwa, tumeachiwa mapema."

Amekumbatia juzuu yake kifuani. Miaka saba. Akasita pale pale alipozowea kusita, akazunguka, akaja upande wa kushoto.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Kesho yake nilikwenda kwa Bibi Shamsa, nikavua kile kifuko nikakiweka juu ya mkeka mbele yake, nikamweleza yote, tangu udi. Hakushangaa bastola, alishaijua siku ile alipoigusa. Alishangaa nilipofika kisimani. Dele la kahawa lilikuwa mkononi mwake, akaliweka chini.

"Mkono gani?" akaniuliza.

"Wa kulia."

"Umekunjwa vipi?"

Nikamuonesha. Bibi Shamsa akaanza kulia. Akanambia kulikuwa na mwanamke wa kutoka Unguja aliyekaa pale bondeni, zamani, kabla vita vile vikubwa havijaisha, mumewe msafiri. Alimwachia bastola ya kujilinda. Mchana mmoja mwanawe wa pekee alirudi bila ya kutarajiwa, akausukuma mlango. Mama yake naye hakuishi mwezi baada ya hapo.

"Mimi ndiye niliyemuosha," Bibi Shamsa akasema. "Vidole havikufunguka. Tulijaribu maji ya moto, tulijaribu mafuta. Tukamzika na ngumi yake."

Bastola niliifunga sandukuni, na kaka yangu aliporudi nikampa. Kidole hakikukunjika tena tangu siku ile. Nimeshona miaka yote hii kwa vidole vinne, nimekula kwa vidole vinne, na ukinitilia kahawa utaniona nakishika kikombe kama naonesha njia.

Nasikia siku hizi watu wanabeba tena, huko waliko, wanasema ni kwa usalama. Mimi siwajui na sina ugomvi nao. Lakini nakwambia wewe unayebeba: maadam inakufinya, maadam unaipapasa, bado uko salama. Siku utakayoizowea, siku utakayotembea wima ukasahau kama unayo, ivue siku hiyo hiyo, usingoje jua lizame. Si kila mtu atakutana na yule bibi.

Rayya ni bibi sasa, ana wajukuu wakubwa. Hajui. Anadhani ni baridi yabisi. Kila Ijumaa baada ya sala hukaa karibu yangu, upande wa kushoto mpaka leo, ananikanda kidole kwa mafuta ya moto na kunambia, "Subira, mama, kitakunjika tu." Mimi humwachia mkono wangu na kumuitikia inshallah. Na moyoni namuomba Mungu mwanangu asifanikiwe.