Mzunguko wa Ziada

Makuruta walimwita Firimbi, maana firimbi yake haikumtoka shingoni hata akienda kunyoa. Alikuwa mkufunzi wa mbio kambini, mtu mkavu, kaptula yake imenyooka kwa pasi, na alijivunia kwamba hajawahi kumpendelea mtu. Mtoto wa dada yake alipoletwa kambini, alimweka kando siku hiyo hiyo.

"Nyumbani mimi ni mjomba wako. Hapa ukiniita mjomba, utakimbia mpaka umsahau mama yako."

"Ndiyo, afande."

Kijana alikimbia vizuri, mpaka asubuhi moja, katikati ya kasi, alipoanguka kifudifudi kama gunia lililokatikiwa kamba. Hakujikwaa, Firimbi aliona kwa macho yake. Mara akazinduka, mchanga mdomoni, hajui yuko wapi. Wenzake wakasimama, wote wakimtazama mkufunzi. Alijua wanachosubiri: kuona mjomba atafanyaje.

"Tazameni, amezimia kama bwana harusi!" akapaza sauti, nao wakaangua kicheko. "Ukoo wetu hauna watu wa kuanguka-anguka. Inuka! Mzunguko mmoja wa ziada."

Kijana akaukimbia.

Siku chache baadaye akaja daktari wa kupima mapigo ya moyo ya makuruta wote, wazima wa afya wakiwemo. Walijipanga nje ya zahanati, vifua wazi, wakitaniana.

"Wewe mashine itamtaja yule binti wa dukani!"

"Yako itauliza chakula kiko wapi."

Firimbi alisimama mlangoni kusimamia foleni. Zamu ya mpwa wake ilipofika, daktari, mama mmoja mpole, alimbandika waya kifuani, akasoma karatasi iliyotoka.

"Mapigo ya taratibu. Kwa mkimbiaji si ajabu." Kisha akairudia karatasi, kama mtu aliyeona doa kwenye shati asiwe na hakika. "Umewahi kuzimia ukikimbia?"

Kijana akageuza shingo, akamtazama mjomba wake.

"Hapana, daktari. Ukoo wetu hauna watu wa kuanguka-anguka."

Firimbi akapima haraka. Akisema, kijana angevuliwa sare ambayo mama yake alikwisha kuitangaza mtaa mzima, na yeye angejulikana kama mkufunzi aliyemkimbiza mtu aliyezimia. Akinyamaza, kesho kulikuwa na mbio.

"Alizimia," akasema. "Katikati ya mbio, mbele yangu. Nikamwongezea mzunguko."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Ukamkimbiza tena?"

"Nilimkimbiza."

"Basi mshukuru Mungu yuko hapa. Asikimbie tena hata hatua moja. Leo hii anakwenda hospitali kubwa."

Huko walikuta moyo wake una hitilafu ya kuzaliwa nayo: ukienda mbio sana, mapigo huvurugika, na ungeweza kusimama ghafla. Akaanzishiwa dawa, akarudishwa nyumbani.

Dada yake Firimbi aliwaalika majirani.

"Kaka yangu huyu ndiye aliyemwokoa mwanangu!" akawaambia, ameshika bega lake. "Angenyamaza, ningekuwa nimezika."

Firimbi alikodolea macho meza. Habari ya ule mzunguko dada hakuwa nayo, na kijana, aliyekuwa nayo, hakuitoa mbele ya wageni. Alipita tu na sinia, akamwekea kikombe.

"Chai, afande."

"Hapa ni nyumbani," Firimbi akamnong'oneza. "Niite mjomba."

"Ndiyo, afande," akajibu kijana kwa adabu, akaenda kwa mgeni mwingine.