Beki wa Alasiri

Kila asubuhi, akishavaa sare na kusimama mlangoni mwa hoteli ndogo ya mtaa wa Al Muraqqabat, Dubai, Gerishom alikuwa na mchezo wake wa siri. Mgeni akiingia, humtazama kiuno na kujisemea moyoni: huyu lifti, huyu mapokezi, huyu anatafuta choo. Macho ya mtu yeye haangalii. Macho yanaweza kukudanganya. Kiuno kikishageuka, miguu itafuata tu. Ilikuwa nadra kukosea.

Ijumaa mchezo ulikuwa mwingine. Nyuma ya majengo palikuwa na kiwanja cha mpira cha mchanga, na mgongoni mwa Gerishom jezi namba tisa. Aliletwa kwenye timu kwa sifa: kwao Kakamega, walisema, alikuwa akichana nyavu. Labda nyavu za kule zilikuwa kuukuu, maana tangu msimu uanze hakuwa amefunga hata goli la kubahatisha. Akikaribia lango tu, miguu inakuwa kama ya kuazima.

"Goli liko huku, baba! Au tukuwekee kibao?" Idd, winga wa kushoto, alimpigia kelele, na watazamaji wakaangua kicheko.

Adhana ya alasiri ikasikika. Kama ilivyokuwa desturi, mchezo ukasimama. Idd na mabeki wote wawili wakaenda msikitini pamoja na Badawi, mwenye timu, Mzanzibari mwenye duka mtaa wa Naif. Wakristo wa pande zote mbili hawakupenda miili ipoe, wakaendelea wao kwa wao. Mabeki hakuna, Gerishom akarudi nyuma kuziba pengo, kama alivyofanya Ijumaa zilizopita.

Harrison wa timu pinzani, fundi wa chenga, akamjia. Akayumba kushoto, akatikisa kichwa, akapepesa macho. Gerishom akatulia, akamtazama kiuno, akauchukua mpira kama anayepokea funguo za chumba. Harrison akarudi tena. Akanyang'anywa tena.

"Aisee, huyu ametoka wapi?" Harrison akahema, anacheka. "Buda, ukichoka na hao, sisi hatuna beki."

Golini alikuwa Pius, Mtanzania anayelala kitanda cha juu yake. "Kaka, Mungu alikuumba beki, binadamu wakakuvisha tisa. Mwambie Badawi leo."

Gerishom akaupiga mpira mbele. Nyumbani mama yake alishawatangazia majirani kwamba mwanawe ni mfungaji Dubai. Kurudi nyuma kungekuwa kama kutolewa ofisini ukapelekwa getini. Halafu akajicheka: kwani yeye kazi yake ni wapi, kama si mlangoni? Na mlangoni pake hapiti mtu ovyo.

Waliokwenda kusali wakarudi. Gerishom akamfuata Badawi.

"Bosi, naomba nicheze beki."

"Hebu rudia, mwanangu."

"Beki. Mbele siwezi. Nyuma naweza."

"Beki ninao! Wewe nimekutangaza Naif nzima, njumu nyekundu nimekununulia mwenyewe. Leo nikuweke nyuma, wenzangu si watasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?"

"Hujaniona, bosi. Ninapocheza nyuma, wewe unakuwa msikitini. Nitazame leo, kipindi hiki tu."

"Beki wa alasiri huyo!" Idd akadakia. "Sisi tukisujudu, yeye ndiyo anakaba!"

Hata Badawi alicheka. Kisha akakunja uso. "Khalas. Mbele, au nje."

Gerishom akakaa mchangani, akashika kamba za viatu. Wakadhani anazikaza. Akazilegeza. Akaziweka zile njumu sambamba mbele ya Badawi, akavua jezi, akaikunja, namba tisa ikabaki juu.

"Hizi ni za mfungaji, bosi. Inshallah utampata."

"Kaka, mchanga unaunguza!" Pius akaita kutoka golini.

Unaunguza kweli. Gerishom akaukanyaga hivyo hivyo, peku, fulana ya ndani imemganda mgongoni, akakata kiwanja kuelekea barabarani. Badawi akamwita, kwanza kwa ukali, halafu kwa kubembeleza. Kiuno hakikugeuka.