Kijiti Kilichoshika Pedali

Mume wangu alikuwa akikata majani ya uwanja wa parokia, kwenye kilima karibu na Karuba, kwa trakta ndogo tuliyopewa na mfanyabiashara wa Butembo. Ng'ombe wangeyala bure, lakini ng'ombe huacha mavi, na pale watu hufanya harusi.

Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo alikipenda sana kijiti kimoja cha trakta ile. Jioni alinieleza kwa mwiko na kifuniko cha sufuria. Trakta haina gia za kubadilisha. Mafuta yanasukumwa kwa nguvu ndani yake na kuzungusha magurudumu. Ukikanyaga pedali kidogo inaenda kidogo, ukizidisha inazidi, ukiinua mguu inasimama. Lakini ukifikia mwendo unaoutaka na kuvuta kijiti, kinashika pedali palepale. Unatoa mguu, na trakta inaendelea. Akaeleza pia namna ya kukiachisha. Mimi nilikuwa nasonga bugali, nikasikia nusu.

Alipokufa niliomba kazi yake. Sikutaka mtu mwingine akalie kiti kile. Padri alisema nikate uwanja wote mbele yake. Nikishindwa, atatafuta mwanaume.

Mistari miwili ya kwanza ilinyooka. Nikavuta kijiti, nikatoa mguu, trakta ikaenda yenyewe. Tangu mazishi sikuwa nimecheka. Nikacheka peke yangu kama mlevi.

Kisha nikamwona mama mkwe mbele yangu na fimbo yake, amekuja kutazama. Nikajaribu kurudisha kijiti, hakikusogea. Nikainua miguu yote miwili hewani, trakta haikujali. Yeye naye hakusogea. Alikuwa anangoja salamu. Kwetu mkamwana hamsalimu mama mkwe akiwa amekaa. Sikuwaza chochote. Nikasimama.

Injini ikazimika, trakta ikatulia hatua mbili mbele yake. Baadaye nilijua kwamba chini ya kiti kuna swichi inayozima injini mtu akiinuka.

Nikamsalimu. Akaangalia zile hatua mbili.

"Bwana yako hakukuwa anasimamisha muzuri hivi," akasema.

Padri akapiga makofi. Ningeweza kunyamaza.

"Padri, sikujua kusimamisha. Nilisimama juu ya kumusalimia mama tu."

Mama mkwe alicheka mpaka akaegemea gurudumu. Padri hakucheka. Aliuliza kama mume wangu hakunieleza.

"Alinieleza. Sikusikiliza mpaka mwisho."

Akaniambia nikae, niwashe, nivute kijiti tena. "Sasa kanyaga freni."

Nikakanyaga. Kijiti kikaruka chenyewe, pedali ikarudi, trakta ikasimama. Ile nusu nisiyoisikia ilikuwa ndogo hivyo.

Padri akaonyesha majani yaliyobaki. "Malizia. Na kesho kutwa iko harusi, usichelewe."

Nilichelewa kidogo kumaliza siku ile. Kila nilipofika upande wake mama mkwe aliinua fimbo, nami nikakanyaga freni, nikasimama, injini ikazimika, nikamsalimu upya, na sote wawili tukacheka.