Pikipiki iliyoandikiwa kifo ikiwa hai

Nicodemus Wakhisi anashuka kwenye baiskeli nje kidogo ya Katito na kuanza kuisukuma. Kilima kilicho mbele yake si kirefu, lakini magoti yake ya miaka hamsini na moja yamekataa. Nyuma, kwenye keria, boksi la buluu lenye barafu na chanjo za watoto limefungwa kwa mpira wa tyubu.

Ni saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Alitoka nyumbani kwake Kondele, mjini Kisumu, saa kumi na mbili.

Anasimama, anagusa kifuniko cha boksi kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Barafu inakwisha," anasema. "Mimi naweza kungoja. Hii haingoji."

Akina mama wanaomsubiri kwenye zahanati ya ufuoni, upande wa Nyakach, wanamjua kwa jina moja tu: Baba Sindano. Kwa miaka kumi walisikia mngurumo wake kabla ya kumwona. Siku hizi hawasikii kitu. Wanaangalia barabara.

Wakhisi si mgonjwa wala hajafukuzwa kazi. Bado ni msambazaji wa chanjo wa Mradi wa Afya Ufuoni, kazi aliyoianza mwaka 1983. Alichonyang'anywa ni pikipiki. Na namna alivyonyang'anywa ni jambo ambalo mwandishi huyu, baada ya kuzungumza na watu watano na kusoma fomu moja, hawezi kulieleza kwa sauti ya upole.

Wakhisi alizaliwa Kimilili. Alijifunza kuendesha pikipiki mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini, kwa kumpelekea padri barua vigangoni. Tangu hapo ameendesha pikipiki tano, na anazitaja kama mzee anayetaja ng'ombe wake, kila moja na tabia yake.

"Moja ilikuwa ya lami tu. Ukiipeleka kwa tope inalala chini kama mlevi," anasema. "Nyingine ilipenda tope, lakini kwa lami ni punda mgonjwa. Halafu nikapewa DT."

DT ni Yamaha DT 175, nyembamba, ndefu miguuni, tairi zake za meno, ekzosi imepanda juu kukwepa maji. Mradi ulipoileta, ilikuwa na rangi ya buluu na kilomita kumi na mbili kwenye mita.

"Asubuhi unaipeleka Awasi kwa lami, inakimbia kama gari la waziri," anasema, na uso wake unakunjuka kwa mara ya kwanza tangu tukutane. "Mchana uko kwa ule udongo mweusi wa Kano, inatembea. Kesho uko Luanda Kotieno kwa mchanga, unaipandisha kwa feri, unashuka Mbita, unaendelea. Pikipiki moja! Hiyo haikuniuliza, 'Leo barabara ni gani?'"

Mwaka 1988, Mto Nyando ulipofurika, wanaume wanne waliibeba mabegani kuvuka maji yaliyowafika kifuani, naye Wakhisi akiwa mbele na boksi la chanjo kichwani. Ng'ambo aliifungua plagi, akaikausha kwa shati lake, akapiga kiki mara tatu. Iliwaka.

Mkewe, Maximilla, anakumbuka misimu ya mvua. "Alikuwa anaiingiza ndani ya nyumba, anaifunika na blanketi letu. Mimi nilimwambia, Baba Nabwire, chagua. Akasema, 'Mama, wewe hushiki kutu.'"

Kwa hesabu ya daftari zake mwenyewe, katika miaka hiyo alikosa safari nne pekee. Zahanati kumi na nne, kuanzia Awasi hadi Luanda Kotieno, zilipata chanjo kwa wakati.

Mwezi Februari mwaka jana, 1993, karani alimwambia kwamba DT ingeuzwa kwa mnada pamoja na viti vilivyovunjika na mashine mbovu za kupigia chapa. Wakhisi alidhani ni mzaha. Alikuwa ameingia Kisumu na pikipiki hiyo hiyo dakika chache zilizopita, akitoka Luanda Kotieno.

Karani alimwonyesha fomu. Ilisema: "Injini imekufa. Haitengenezeki." Chini yake palikuwa na sahihi ya afisa wa stoo, Bwana Shitanda.

"Niliuliza, nani aliipima? Lini? Maana pikipiki inalala kwangu na ufunguo uko mfukoni mwangu," anasema Wakhisi. "Mtu amepima injini akiwa amekaa ofisini?"

Alipeleka malalamiko kwa mdomo, kisha kwa barua mbili. Hakujibiwa. Siku ya mnada aliambiwa aiache uani na arudi kazini.

Hakurudi. Watu waliokuwapo wanasimulia kwamba dalali alipofika kwenye DT na kusoma fomu kwa sauti, mzee aliyevaa ovaroli alijipenyeza mbele, akafungua mafuta na kupiga kiki mara moja. Uani pote pakajaa mngurumo.

"Niambieni sasa, maiti inanguruma?" aliwauliza watu.

Baadhi walicheka. Wengine walipiga makofi. Bwana Shitanda alikuja mbio, akazima injini na kuchomoa ufunguo.

"Wewe Wakhisi, hii ni mali ya mama yako?" alimfokea.

"Si ya mama yangu, Bwana. Wala si ya mama yako."

Dalali aliendelea. Wakhisi alinyanyua mkono kuinunua mwenyewe kwa akiba aliyoiweka ya kuezeka nyumba. Aliambiwa wafanyakazi hawaruhusiwi. Mtu mmoja tu alipandisha bei, mara moja, na nyundo ikagonga. Pikipiki iliyotembea kilomita mia na zaidi siku chache kabla iliuzwa kwa shilingi elfu tatu na mia tano. Mnunuzi, kama wanavyojua wote ofisini na kama Bwana Shitanda mwenyewe asivyokana, ni shemeji yake Shitanda.

Tulipomuuliza, Bwana Shitanda alijibu kwamba taratibu zote zilifuatwa. Tulipomuuliza injini iliyokufa iliwakaje, alisema hana muda wa mambo ya pikipiki.

Wakhisi alipata barua ya onyo kwa "kuvuruga shughuli rasmi". Baada ya wiki sita alipata baiskeli. Zahanati kumi na nne zimekuwa nne.

Katika zahanati ya Nyakach tunamkuta muuguzi Seline Awuor akifungua boksi hilo la buluu. Anatazama kipimajoto, anatikisa kichwa, anaweka kando chupa sita.

"Hizi ni za kumwaga," anasema. "Zimepata joto. Mwezi jana nilimwaga arobaini. Na mimi ndiye naangalia wamama kwa macho nikiwaambia, 'Rudini wiki ijayo.' Mimi, si mtu wa ofisi."

Mmoja wa waliorudi wiki iliyofuata ni Milka, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alimleta bintiye Achieng' kuchanjwa surua alipofika miezi tisa. Chanjo haikuwapo. Alirudi. Haikuwapo. Kabla ya safari ya tatu surua iliingia ufuoni, na mtoto akalala siku kumi na mbili.

Achieng' alipona. Jicho lake la kushoto limebaki na ukungu mweupe, na daktari amesema halitaona tena.

"Nilitembea na yeye mgongoni mara mbili, jua hili," anasema Milka. "Sikukataa sindano. Sikuchelewa. Sasa nyathina, mtoto wangu huyu, akikua aniulize kwa nini, nitamwambia nini? Ati kuna mtu alitaka pikipiki?"

Wakhisi anafunga boksi lake kwenye keria. Baadaye, njiani, anasema kwamba yeye huiona DT. Inabeba kreti za soda na bia sokoni Awasi. Inaendeshwa na mtu mzima aitwaye Enos, aliyeajiriwa tu, ambaye hajui lolote la mnada.

Mara ya kwanza alipoiona, cheni ilikuwa kavu na nyekundu kwa kutu. Alikwenda dukani akanunua chupa ndogo ya oili.

"Nilimwambia Enos, ndugu, niruhusu dakika tano. Nikapiga magoti nikapaka. Yeye alinishangaa. Aliuliza, 'Mzee, hii ni yako?' Nikaendelea kupaka."

Hufanya hivyo kila anapopita. Tukamuuliza hasira inakwenda wapi wakati huo.

"Hasira yangu ni ya watu," anasema. "Pikipiki ilifanya nini?"

Jumanne ijayo kamati ya mradi inakutana Kisumu na wageni wake wa ng'ambo. Wakhisi ameomba dakika kumi za kuzungumza, na safari hii amepewa. Ana nakala ya fomu, daftari zake kumi na moja, na orodha ya majina ya akina mama mia mbili na kumi na wanne, wengi wao wakiwa wameweka dole gumba badala ya sahihi. Seline ameomba ruhusa ya siku moja. Milka atakuja na Achieng', na amekataa katakata kumwacha nyumbani na shangazi.

Wakhisi anajua anaweza kupoteza kazi akiwa amebakiza miaka minne kustaafu. Maximilla amempigia pasi suti yake ya harusi.

"Sitaki waniombe msamaha, na wasinipandishe cheo," anasema, akipanda tena baiskeli kuelekea zahanati ya pili. "Kama ni ile DT, sawa. Kama ni nyingine, nitaizoea. Wakiniwekea ufunguo mezani saa tano, waende wakanywe chai yao. Saa nane mtoto atakuwa analia huko Luanda Kotieno, sindano imeshaingia."