Nilivyoenda Ruiru Kutazama Mashua Zikishindana

Nilitoka Thika kwa sababu ya simu moja. Binti yangu Nekesa, anayesomea uhandisi Juja, aliniambia, "Baba, Jumamosi njoo Ruiru unione nikishindana." Nilidhani ni riadha. Akasema ni mashua za tanga. Ilibidi nikae chini. Mimi ni mtu wa kiwandani, nilitoka Bungoma nikiwa kijana, na miaka yote niliyoishi Makongeni, hapa Thika, sijawahi kusikia Ruiru kuna kitu kinachoelea isipokuwa bata.

Na msomaji ajue jambo moja. Huku kwetu maji yaliyosimama ni ya kuogopwa. Machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi hujaa mvua, watoto huenda kuogelea, na wengine hawarudi. Nimewahi kusimama kando ya shimo kama hilo majirani wakimtoa mtoto kwa kamba. Nekesa alikua akichapwa kila aliporudi nyumbani nywele zimelowa.

Asubuhi ya Jumamosi jirani yangu Njoroge alinibeba kwa Probox yake. Alicheka kutoka Makongeni hadi Juja. "Boti Ruiru? Haiya! Baba Nekesa, wamekubeba ufala." Kicheko kiliisha tulipoiacha barabara kuu na kuingia kwenye mashamba ya kahawa. Mibuni ilikatika ghafla, bwawa likatokea, na juu yake matanga meupe kama shuka zilizoanikwa. Njoroge alizima gari akabaki mdomo wazi. Mimi pia.

Ukingoni tulipokelewa na Harjit, mwenye duka la vyuma mjini Thika, ambaye siku za mashindano huwabeba watazamaji kwa boti yake ya injini. Njoroge alikataa katakata kupanda. Mimi nilivalishwa jaketi la kuelea.

"Mzee, keti. Usisimame-simame, hapa si kanisani," Harjit alisema, akicheka. Tulipokuwa tunaelekea katikati, akanionyesha mashua ya Nekesa. "Huyo msichana wako leo akimaliza kwa watatu wa kwanza, anaenda Mombasa na timu. Ameitafuta hiyo nafasi mwaka mzima."

Hakuwa ameniambia hilo.

Nilisubiri wajipange kwenye mstari kama watoto wa shule siku ya michezo. Hakuna aliyejipanga! Mashua zilizungukana, zikakatana njia, zikapishana karibu zigusane, kila moja na mtu mmoja ndani.

"Mbona hawasimami?" niliuliza. "Watauana hawa!"

"Tanga haina breki, Mzee. Wanazunguka hivyo, ndiyo honi ikilia wavuke mstari wakiwa tayari na mwendo. Ukivuka mapema unarudishwa."

Nekesa akapita karibu yetu. Alikuwa ameninginia nje ya mashua, mgongo karibu uguse maji, na alikuwa anacheka. Niliduwaa. Nimemlea yule mtoto, na sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo.

Kabla tu ya honi upepo ulishuka kwa nguvu na mashua yake ikapinduka kando yetu. Tanga lililala majini. Kichwa chake kikazama.

Sikufikiria chochote. Nilijitupa ukingoni mwa boti, nikashika mikanda ya jaketi lake na kumvuta ndani kama gunia la mahindi. Harjit alikuwa akipiga kelele, "Usimguse! Mzee, usimguse!" Nekesa naye alikuwa akipiga kelele hizo hizo. Honi ikalia, wenzake wakaondoka.

"Baba, umefanya nini?" Alikuwa akilia. "Kupinduka ni kitu ya kawaida! Nasimama kwa ule ubao wa chini, boti inainuka, naendelea!"

Harjit aliongea polepole, bila kuniangalia. "Akisaidiwa na mtu wa nje, ametoka kwa mashindano."

Tuliporudi nchi kavu, mwamuzi, mama mmoja anayeitwa Wairimu, alitungoja. Alieleza kwamba kuna msamaha mmoja tu: mshindani aliyekuwa hatarini kweli anaweza kusaidiwa, na angepewa nafasi ya kushindana tena Jumapili.

"Nekesa, niambie ukweli. Ulikuwa kwa hatari?"

Nilimtazama mwanangu kwa macho ya kumsihi. Sema ndiyo, mama. Neno moja tu.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa sawa. Baba alishtuka tu."

Mama Wairimu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaenda zake. Niliona mengi siku hiyo, lakini hilo "hapana" lilinishtua kuliko mashua kupinduka.

Jioni tulirudi Thika pamoja kwa gari la Njoroge. Nilivumilia hadi tulipoikaribia Juja, kisha nikageuka.

"Kwa nini hukusema ndiyo? Si ungeenda Mombasa?"

Nekesa alikuwa akikausha nywele kwa taulo. "Baba, ningesema nilikuwa kwa hatari, na wewe umesimama hapo unasikia, ungewahi niruhusu nirudi kwa maji?"

Safari ile fupi ilinifunza kwamba mwanangu ananijua vizuri sana. Nilifungua mdomo nimwambie ningemruhusu. Lakini ungekuwa uongo, na yeye alikuwa ametoka kusema ukweli uliomnyima Mombasa.