Sauti ya Bibi Kwenye Wimbo Wetu wa Roki

Gitaa la umeme ukilisogeza karibu na spika, huanza kulia lenyewe. Wenzangu wa bendi hukimbilia kulizima. Mimi huuacha mlio ule kidogo, maana hunirudisha kwa Bibi, mzaa mama, kule juu Uluguru, kwenye moshi wa kuni na migomba iliyolowa. Watu wanadhani wimbo wetu wa roki niliuokota kwenye video za Wazungu. Ngoja niwaambie ulikotoka.

Kwa Bibi, jirani alikuwa ng'ambo ya bonde. Kumfuata ni kuteremka hadi mtoni na kupanda tena, asubuhi yote imekwisha. Kwa hiyo watu waliitana. Bibi alikuwa akisimama ukingoni mwa uwanja, anavuta pumzi, anaita, "Mwanaidiii weee!" mpaka kifua changu kinatetemeka. Kisha anasubiri. Sauti nyembamba ya Bi Mwanaidi, shoga yake tangu usichana, inarudi: "Abeee!" Hapo ndipo siku ilipoanza. Waliulizana hali, chumvi, na siku ya kushusha mboga sokoni, bonde zima likisikiliza.

Maumivu ya goti yalipomzidi Bibi, mama alimleta kwetu Kihonda, mjini. Asubuhi ya kwanza alitoka uani akawasalimia majirani kwa sauti ile ile. Wanaume wakatoka na fimbo wakidhani mwizi. Akina mama wakaja wamejifunga khanga, tayari kwa msiba.

"Jamani, nani kafa?"

"Kafa nani tena?" Bibi akashangaa. "Nauliza mmeamkaje!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama alitamani ardhi immeze. "Mama, huku tumebanana. Sema taratibu." Bibi akasema taratibu. Baadaye akawa haongei kabisa, ila kuitikia shikamoo zetu, nasi tukasema ameuzoea mji.

Siku moja mjukuu wa Bi Mwanaidi, binti mkubwa tu, alipita na tenga lake la mboga. "Bibi yangu anakuita kila asubuhi," alimwambia Bibi, "hajibiwi. Anauliza kama upo."

"Mwambie nipo." Kisha akamgeukia mama. "Nipandishe mara moja tu, mwanangu, nikamwitikie. Kuambiwa siyo kusikia."

Mama akasema tungoje mvua zikatike, njia inateleza. Na kweli ilikuwa inateleza, simlaumu. Bibi alifariki mvua zikiwa bado zinanyesha.

Wimbo tumeurekodi studio moja ndogo ya Mafiga. Katikati vyombo vyote vinanyamaza, naita kama Bibi alivyoita, halafu kimya. Fundi mitambo alitaka kukikata kile kimya, eti wasikilizaji watadhani simu imezima. Nilikataa.

Utotoni nilidhani Bibi ameishiwa maneno. Siku ile, nimesimama mbele ya kipaza sauti, nimeita na hakuna aliyeitika, ndipo nilipojua kwamba ng'ambo ya bonde kuna mwanamke mzee aliyesimama hivyo hivyo asubuhi baada ya asubuhi, na huku Kihonda mwenzake alikaa akijua anaitwa. Inaniuma mpaka leo. Vijana wanaupenda wimbo, wanaupigia kelele. Ningeutoa wote kwa asubuhi moja ya matope, tumemshika Bibi mikono huku na huku, tukimpandisha akaitike.